Paa la Magige

Nyakunguru, Tarime
15 Agosti 2023

Mjukuu wangu Mokami,

Nakusalimu. Hapa nyumbani ni wazima, na wanaoumwa wanaumwa kizee tu. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mihogo tumeimenya, iko juani, kuku wa jirani wanaichafua na jirani anajifanya haoni. Baba yako mdogo Simioni bado yuko Sirari na malori yake. Kila tukiuliza anasema anakuja kesho, na hiyo kesho sijui inapitia njia gani.

Sasa nikuulize, na usinijibu kwa kuzunguka.

Mama Zaitun alipita hapa jana akitoka Mugumu na mzigo wake wa vitenge. Nilimpa kigoda, hakukaa. Akasema, "Mama Joel, nimeona jambo, na kama nasema uongo Mungu ayapofushe macho haya." Nikamwambia sema. Akasema, "Jumamosi nilipita shuleni kwa akina Mokami. Nikatazama juu ya bweni, nikaona watu kwenye paa. Nikajua ni mafundi. Fundi mmoja akageuka. Mama Joel, yule fundi ana uso wako."

Kikombe cha uji kikanitoka mkononi.

Mokami! Juu ya paa! Na suruali! Na kiunoni mkanda una nyundo na mavyuma yananing'inia kama mganga na hirizi zake! Nilikupeleka sekondari ukasome vitabu. Hivyo vitabu viko juu ya paa? Mwalimu kavianika huko?

Hata mtoto anayechunga mbuzi anajua mwanamke hapandi juu ya nyumba. Akipanda amemwita mwenye nyumba kaburini. Paa ni la mura, kijana wa kiume. Na kama mura hayupo, paa livuje, watu wahamishe vitanda. Ndivyo tulivyokuta. Nani alikwambia wewe ndiye wa kutengua?

Nijibu upesi. Ile nyumba ni ya nani? Ulishuka kwa mguu gani? Na usithubutu kupiga ile simu ya shule ambayo matroni anasimama pembeni anasikiliza. Haya si mambo ya matroni. Andika, Mama Zaitun atabeba.

Nimekutumia karanga. Nilitaka kuzizuia, ila zilikuwa zimeshakaangwa.

Mimi bibi yako,
Robi


Mugumu, Serengeti
27 Agosti 2023

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Mpe babu shikamoo yangu, mwambie mke wake mdogo hajamsahau. Mimi ni mzima. Karanga zimefika, Eunice ninayelala naye kitanda kimoja, yeye juu mimi chini, amezila kuliko mimi. Maji ya bomba yalikatika wiki nzima yakarudi. Mitihani ya katikati ya muhula tumemaliza, hisabati nimekuwa wa tatu.

Bibi, ni kweli nilikuwa juu ya paa. Mama Zaitun hajasema uongo.

Kila Jumamosi wanakuja wahandisi kutoka Mwanza, wote wanawake, mkubwa wao ni Injinia Agustina. Wanatufundisha sisi wasichana wa kidato cha tatu, na hatuandiki kitu. Tunashika. Siku ya kwanza alituwekea mezani feni lililokufa, akasema, "Mtoto aliye ndani ya hili feni analia. Mtafuteni." Tulilifungua mpaka tukakuta waya ulioungua. Lilipozunguka, Bibi, wasichana walipiga vigelegele kama kuna harusi. Jumamosi ile tulikuwa tunafunga sola, ili bweni liwe na taa, na gata za kukinga maji ya mvua. Agustina akauliza nani atapanda kwanza. Wote wakatazama viatu vyao.

Nilipanda mimi. Katikati ya ngazi nilitaka kurudi chini. Ila nilikumbuka ulivyonivusha mto nikiwa mdogo, ukaniambia nisitazame maji, nitazame ng'ambo. Nikatazama ng'ambo.

Umeuliza nyumba ni ya nani. Bweni ni la serikali, Bibi. Kama kuna niliyemwita, nimeiita serikali, na wewe mwenyewe unajua serikali ikiitwa haiji. Mguu wa kushukia sikumbuki.

Mbona chini ya barua yako hakuna alama ya babu? Siku zote anachora pembe mbili na nukta katikati, alama ya ng'ombe zake. Nimegeuza karatasi pande zote. Amekasirika?

Mjukuu wako,
Mokami


Nyakunguru
10 Septemba 2023

Mokami,

Salamu. Ndama anakua. Mvua za mapema zimegonga siku mbili zikaacha. Mchungaji alikuja kuomba hapa na amekula kuku mzima, Mungu amsamehe.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno. Mimi nilitolewa darasa la tatu nikaolewa, lakini macho yangu hayakutolewa. Kwanza, mzaha wa serikali sikuupenda. Nilicheka, lakini sikuupenda. Pili, mwandiko wako umepinda kama njia ya ng'ombe waliofukuzwa. Wewe huandiki hivi. Mkono una nini?

Tatu, huyo Agustina. Mwanamke anapanda mapaa ya watu toka Mwanza hadi Mugumu! Ana mume? Huyo mume yuko salama, au amelala? Mwulize.

Nilikwenda kwa mzee Rubeni, wewe unamjua, hakuna mila ya nchi hii asiyoijua. Nikamwuliza: msichana akipanda nyumba ambayo haina mwanaume wa kuimiliki, lile neno la kumwita mwenye nyumba linakwenda wapi? Aliweka mkongojo wake chini. Kisha akasema, "Neno halikai hewani, Robi. Likikosa mwenye nyumba linatafuta mwanaume wa karibu wa damu ya huyo msichana." Nilirudi nyumbani bila kumuaga.

Sasa sikia. Hizo Jumamosi uziache. Vitabu soma, hisabati soma, hata uwe wa kwanza, sitakuzuia. Paa uliache. Usipoliacha, Desemba shule ikifungwa usije hapa. Utafute nyumba ya huyo Agustina ukakae juu yake.

Babu yako hakuchora kwa sababu hakuchora. Kalamu ilikuwa mbali.

Robi


Mugumu
1 Oktoba 2023

Bibi,

Shikamoo, na shikamoo kwa babu. Huku ni wazima. Sola inawaka, tunasoma mpaka saa nne.

Nimekutii. Jumamosi mbili nimekaa bombani nafua nguo ambazo hazikuwa chafu, huku nasikia wenzangu wanatoboa ubao kwa drili na kucheka. Agustina alikuja akachuchumaa karibu yangu. Hakuniuliza kitu. Alisuuza shati moja, akalianika, akarudi kwa wenzangu. Ana mume, Bibi, na watoto wawili. Mume ni dereva, yuko salama.

Mkono hauna neno.

Nina swali moja tu. Mzee Rubeni alisema neno linatafuta mwanaume wa karibu. Kwetu mwanaume wa karibu ni nani? Baba alishakufa. Baba mdogo yuko Sirari. Umeandika kuhusu ndama na kuku na mchungaji aliyekuja kuomba. Alikuja kumwombea nani?

Mokami


Mugumu
29 Oktoba 2023

Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu, wewe uliyelala.

Leo sina habari za shule. Barua yangu hukuijibu. Juzi Mama Zaitun alikuja getini kuniletea sabuni, nikamwuliza habari za babu. Akaanza kupanga vitenge ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nikamwambia, "Mama, ukiondoka bila kunijibu nitakufuata kwa miguu mpaka stendi na sare hii hii." Akakaa chini kwenye vumbi akasema, "Bibi yako aliniapisha. Na mimi nikiapa naapa. Lakini umri wako ni wa kuambiwa."

Babu alianguka kutoka juu ya paa. Jumamosi ile ile. Nyonga imevunjika, mlimbeba kwa machela mpaka hospitali, sasa yuko kitandani na hawezi hata kujigeuza. Na paa bado linavuja juu yake. Mmeweka beseni.

Bibi, nilikaa kwenye ngazi ya darasa, kengele ya chakula ikalia sikuisikia. Eunice alinishika bega akadhani naumwa. Nilikuwa najiuliza saa ngapi alianguka. Mimi nilikuwa juu saa ngapi? Kwa hiyo tangu barua ya kwanza, ulipouliza nilishuka kwa mguu gani, ulikuwa unaniuliza kama mimi ndiye niliyemwangusha babu. Na mimi, msichana wa sayansi, usiku mzima niliogopa kwamba ndiyo.

Asubuhi hasira ikaja. Unisamehe, nitaisema.

Lile paa limeanza kuvuja nikiwa darasa la nne. Nimelala chini yake na sufuria miguuni. Mimi siruhusiwi kupanda. Wewe huruhusiwi. Baba mdogo anakuja kesho. Fundi wa kulipwa babu hamtaki, anasema mwanaume mwenye mikono haajiri mtu kwenye nyumba yake. Sasa ngazi aliachiwa nani? Mzee wa miaka themanini mwenye kandambili za tairi! Mwiko uliwekwa ili mwenye nyumba asife, na huo mwiko ndio uliompandisha juu. Sikumwangusha mimi. Na wewe, Bibi, hukumwangusha, ingawa najua ni wewe uliyekuwa umeshika ngazi. Hukuniambia, na Mama Zaitun hakuniambia. Nimejua tu, kwa sababu mwingine hayupo.

Jana mchana nimerudi kwenye mafunzo. Mkono niliuunguza kwa chuma cha kulehemu mwezi wa nane, sikutaka ujue. Umepona.

Kama hunitaki Desemba nitabaki hapa na wasichana wasio na kwao. Lakini mkinitaka nitakuja na misumari.

Mokami


Nyakunguru
19 Novemba 2023

Mokami, wewe mtoto,

Nakusalimu ingawa hustahili. Ndama yuko. Mvua imeshika kweli kweli, beseni moja halitoshi, tumeweka na karai.

Barua yako niliisoma nikakaa chini. Mtoto niliyemtafunia nyama anaandika "nitaisema"! Anaisema kwelikweli! Nilitaka kuichoma motoni. Babu yako akasema, "Soma kwa sauti, unanong'ona nini?" Nikasoma. Nikategemea akasirike tukasirike wote. Nilipofika kwenye kandambili za tairi akacheka mpaka nyonga ikamwuma, akalia kwa maumivu huku anacheka. Nilishtuka, nikadhani ndiyo anakwenda.

Kisha akafuta machozi. Akaniuliza, "Robi, umekaa miezi mitatu unaamini mtoto ndiye aliyenitupa?" Nikasema ndiyo. Sikuficha. Ulitaka nifiche? Jumamosi moja, mapaa mawili, watu wawili wa damu moja! Akasema, "Bati lilikuwa limeoza, na miguu yangu ni ya zamani. Basi. Niitie watu."

Nikaita. Mzee Rubeni akaja. Simioni akaja kutoka Sirari, safari hii kesho ilifika, baada ya kusikia baba yake anaita watu kitandani. Alidhani ni wosia, akaja na viatu vya kung'aa. Majirani wakajaa mpaka mlangoni, na maji yanadondoka kwenye karai, tii, tii.

Babu yako akasema, "Mimi Magige, nyumba hii nampa mke wangu mdogo, Mokami."

Simioni akainuka: "Baba! Msichana? Si ataolewa aende zake?"

"Na wewe uliyeoa," babu yako akamwambia, "uko wapi?"

Simioni akatazama viatu vyake.

Kisha babu yako akamgeukia Rubeni. "Wewe bingwa wa mila. Mwanamke akipanda paa anamwita mwenye nyumba. Sasa mwenye nyumba mwenyewe akiwa ndiye mwanamke aliyepanda, anamwita nani?"

Rubeni akakuna kidevu. "Anajiita mwenyewe."

"Naye yuko wapi?"

"Yuko... juu."

"Basi si ataitika!"

Mokami, Rubeni alivua kofia, akaivaa tena. Mzee ambaye watu wanatoka Nyamongo kuja kumwuliza! Mwisho akachukua kibuyu cha maziwa, akanywa, akamnyunyizia babu yako kifuani kumbariki, akasema, "Hili sikuwahi kuulizwa. Kwa kuwa sikuwahi kuulizwa, sina pa kulikatalia."

Na mimi je? Mimi mke mkubwa! Kuta hizi nimezikandika kwa mikono hii, mimba ya baba yako iko tumboni. Leo nyumba kapewa mke mdogo aliyetoka juzi kwenye nepi! Nilimwambia babu yako, akasema, "Wewe ungepewa, ungepanda?" Nikaenda kumwaga karai. Nimekasirika mpaka leo.

Njoo Desemba. Hiyo suruali njoo nayo, ila uvae kanga juu yake mpaka ufike kwenye ngazi. Mkono uliouunguza nitautazama mwenyewe. Na misumari ya bati lete, ya hapa inapinda.

Ile chini ni alama ya babu yako. Pembe moja kubwa na moja ndogo kwa sababu amechora amelala.

Robi


Nyakunguru
4 Februari 2024

Mwenye nyumba,

Nakusalimu. Usijivune kwa kuitwa hivyo, naandika anachosema babu yako. Yuko hapa mlangoni kwenye kigoda, mkongojo uko mapajani, anafukuza kuku. Amesimama wiki iliyopita, hatua chache, akakaa akatukana. Nikajua amepona. Ndama ameachishwa. Simioni amekuja mara mbili tangu mwaka uanze bila kuitwa. Nadhani tangu Desemba, ulipopanda kuziba paa ukamwambia ashike ngazi vizuri mbele ya watu wote, na akashika, kuna kitu kimemwingia.

Watu bado wanasimama pale uani kutazama juu. Wanasubiri nini sijui. Waliosema nyumba itawaka, haijawaka. Waliosema babu yako hatamaliza mwezi, wanapita sasa hivi wanamsalimia. Na mke wa jirani, yule yule aliyefunika uso kwa kanga ulipopanda, jana kaniuliza kwa upole mtoto anarudi lini, jiko lake linavuja. Nimemwambia aulize kuku zake.

Mvua ya kwanza baada ya wewe kuondoka ilikuja kwa kishindo. Mimi na babu yako tulikaa kitandani tunatazama dari, kama watu wanaosubiri mwizi. Karai nimeliweka tayari. Mvua ikapiga, ikapiga. Karai likabaki kavu. Babu yako akasema, "Robi, mbona karai limenyamaza?" Mimi nikalia. Ni jambo la ajabu mtu kulia kwa sababu hajalowa.

Na pipa likajaa kwa gata yako. Tangu niolewe ndiyo mara ya kwanza nafulia maji ambayo sikuyabeba kichwani.

Sasa ninalotaka kusema ni hili, na ukimwonyesha Eunice nitajua.

Juzi mvua ilinyesha, pipa halikujaa. Maji yalifurika pembeni yakaanza kula ukuta wangu. Nikajua majani yameziba gata. Uliniambia mwenyewe, majani yakijaa yatolewe. Simioni hayupo. Babu yako akatazama ngazi, nikaona macho yake. Nikamwambia, "Wewe! Hata usifikirie!" Akasema, "Basi nani?"

Mokami, nilizunguka nyumba ile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Maji yanakula ukuta. Nikakunja kanga, nikavua ndala, nikashika ngazi. Babu yako akashika chini kwa mkono mmoja, mkongojo mkono wa pili. Sikutazama maji, nikatazama ng'ambo.

Nimefika. Majani nimeyatoa, na kiota cha ndege kilichokufa. Nikatulia pale kidogo. Mimi mwanamke wa Magige niko juu ya nyumba! Hakuna aliyenitayarisha kwa lile ninaloliona. Nimeishi chini ya paa hili tangu nikiwa msichana na sikuwahi kuliona. Nikaona pale babu yako alipoteleza, bati limebonyea kwa goti lake. Nikaona ufa ulivyouziba: kitundu kidogo mwisho wa ufa, halafu kiraka, kama nilivyokufundisha kushona kibuyu kilichopasuka. Nilidhani siku zile ulikuwa husikilizi. Na nikaona mpaka kwa jirani, na mihogo yangu kule kwake imeanikwa. Tutaongea naye.

Nikashuka kwa mguu wa kulia. Nimekumbuka wa kushukia ili ujue.

Babu yako alicheka siku nzima. Mimi sikucheka. Usiku ndipo nilipokumbuka, nikaketi kitandani. Mwenye nyumba sasa si yeye. Ni wewe. Na mimi mwanamke nimepanda paa lako.

Najua utaniambia habari za bati lililooza na miguu ya zamani. Mwambie na Agustina aniambie. Nimesikia. Lakini Mama Zaitun anaondoka alfajiri na barua hii, na nimemwambia asipeleke kitenge popote kabla ya kukuona kwa macho yake.

Kichwa kinakuuma? Unakula? Andika hata mstari mmoja umpe arudi nao. Ukiwa mzima, majani yakijaa tena nitapanda.

Bibi yako,
Robi